Kiti cha Cucu Kando ya Moto

Juzi nilienda Soko la Toi kutafuta sweta ya mjukuu wangu, nikarudi na koleo. Sweta sikununua. Hiyo koleo ilikuwa imelala kwa gunia pamoja na misumari, vitasa na pasi moja haina mkono. Ni ndefu, ya chuma, juu iko na mashimo ya vidole kama makasi, na chini imepanuka kama mguu ya bata. Kuishika tu, nikanusa vidole vyangu, nikapata ile harufu ya chuma iliyokaa na majivu. Woi! Nilisimama hapo kwa njia, watu wananisukuma, mimi natabasamu peke yangu kama mwenye wazimu.

"Shosh, hiyo ni ya nyama choma," kijana wa kuuza akaniambia. Shosh ndio nyanya kwa vijana wa siku hizi.

"Nyama gani, wewe? Hii ni ya kushika moto."

"Moto unashikwa aje, shosh?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Lakini moto unashikwa, na mimi nilimwona mwenye kuushika. Sasa kaeni niwaambie, maana nyumbani hapa Kianda hakuna mtu anataka kunisikiliza. Wako na televisheni.

Mimi nililelewa Kawangware, huko mwanzo wa miaka ya sabini. Baba na mama walitoka Maragoli wakapanga chumba kwa ploti ya mwanamke mmoja mzee wa Kikuyu. Sisi wote tulimwita Cucu, yaani nyanya, hata wale wakubwa wenye watoto. Kawangware ya wakati huo bado ilikuwa na mahindi na ng'ombe, na kule chini kwa mto watu walilima nduma. Cucu alizaliwa hapo hapo. Sisi wapangaji tulikuwa kwa vyumba vya udongo upande mmoja, na yeye alikuwa na nyumba yake ndogo ya udongo upande ule mwingine, imeinama kidogo kama mtu anasikiliza.

Baba alikuwa fundi wa mawe. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwa, sokoni, na sokoni mtu harudi mpaka giza iingie. Kwa hivyo mimi nikitoka shule, hiyo miaka kidogo nilienda, kwetu kulikuwa kumefungwa na kwa Cucu kulikuwa wazi. Na mwezi wa saba unaujua vile ulivyo Nairobi. Ni ile baridi ya kimya kimya, haina mvua haina upepo, lakini inakutafuta mpaka kwa mifupa. Nilikuwa nakimbia kwa Cucu miguu imeshika matope mpaka magoti, naingia bila kubisha, na hakuna mtu aliwahi kuniuliza hayo matope.

Katikati ya hiyo nyumba kulikuwa na mawe matatu, meusi, yameng'aa kwa mafuta ya miaka. Moto ulikaa hapo kati na sisi tulikaa pande zote. Cucu kwa kigoda chake karibu na kuni, mimi upande wa mlango, na mpangaji yeyote akipita kuomba kaa la moto anajikuta amekaa pia. Mtu akisema kitu unaona mdomo wake, unaona na macho. Hapo ndipo nilijifunza Kikuyu, tena hakuna mtu alinifundisha.

Cucu alikuwa mkali na moto kuliko alivyokuwa mkali na watoto. Hauruki moto. Hauachi moto peke yake ukienda choo, unamwita mtu akae. Kuni unaanza na nyembamba zilizokauka, halafu unasukuma zile kubwa kutoka mwisho, pole pole, usizijaze zote ndani eti uko na haraka. Na mafuta ya taa hayakuingia kwa hiyo nyumba isipokuwa ndani ya taa. "Moto ukiupatia mafuta unalewa," alikuwa anasema, "na mlevi haujui ataangukia wapi." Wakati wa kulala alikusanya makaa pamoja, akayafunika na majivu kama mtoto anafunikwa blanketi. Asubuhi anafukua, anapuliza, moto ule ule unaamka. Aliniambia huo moto aliuleta kutoka kwa mama yake siku aliyoolewa, kwa kipande cha chungu. Sijui kama ni kweli. Mimi niliamini.

Lakini Cucu alikuwa anakohoa. Hiyo nyumba haikuwa na dirisha ya maana, moshi ulitoka vile ulipenda. Dada wa kliniki alimwambia ni moshi, atoke hapo. Na mtoto wake wa kiume, Njuguna, hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Njuguna zamani alikuwa mpishi kwa nyumba ya mzungu kule ng'ambo ya bonde. Mzungu alienda kwao baada ya uhuru, akamwachia sufuria, makoti mawili, na koleo. Ndio, koleo kama hii yangu. Kwa miaka yote Njuguna aliitundika ukutani, na mtu akimtembelea anaambiwa habari ya fayaplesi ya mzungu: vile moto unakaa ndani ya ukuta, vile moshi unapanda juu na hauingii kwa macho ya mtu, vile watu wanakunywa chai kwa viti vya kulalia. Aliapa akijenga nyumba ya mawe atajenga na fayaplesi. Akajenga. Na fundi alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa hajawahi kujenga kitu kama hicho. Alienda akazunguka zile nyumba za zamani za wazungu huko juu, akaangalia mabomba ya moshi kwa paa mpaka mbwa zikamfukuza. Akarudi, akabomoa alichokuwa ameanza, akaanza tena. Bomba yake aliifanya ndefu ipite paa, na ndani akaibana pale shingoni. Aliniambia moshi ukipewa nafasi kubwa sana unazubaa, haupandi. Nilimwona akiingiza kichwa ndani kuangalia mbingu, anatoka na uso mweusi anacheka. Sikuwa nimemwona baba akifurahia kazi hivyo.

Sasa nyumba ikaisha, na Njuguna akasema mama yake ahamie, na ile ya udongo ibomolewe wajenge vyumba vya kupangisha.

Cucu akasema, "Kwanza nione huo moto. Nitakaa nao jioni moja. Kama ni moto, nitalala hapo. Kama sio moto, mtu asiguse ukuta wangu."

"Sawa, Maitu," Njuguna akasema. Maitu ni mama kwa Kikuyu. "Ukikataa sitasema tena."

Nyinyi mnaona vile mimi nilikuwa nimebanwa? Hiyo nyumba ya mawe ilikuwa ya mke wa Njuguna, Mama Wambui. Alikuwa mwanamke msafi, jamani! Sakafu alipaka rangi nyekundu akaisugua mpaka unaona meno yako. Kwa kila kochi aliweka vitambaa vya kushona na mkono, vyeupe, vyenye maua. Mimi na matope yangu singevuka hapo. Cucu akihama, mimi nitakaa wapi jioni? Kwa kizingiti cha chumba kimefungwa, nikingoja mama na harufu yake ya omena. Kwa hivyo nilitaka huo moto ukatae. Niliomba kabisa, kanisani, macho yamefungwa. Halafu nakumbuka ni bomba ya baba yangu, nafungua macho.

Siku ikafika. Mama Wambui alikuwa ameamka na chokaa. Alikuwa ametuma watoto mtoni waokote mawe mazuri, yale ya mviringo yamelainishwa na maji, akayapaka chokaa nyeupe pepepe, akayapanga kwa mstari mbele ya moto, vile yamepangwa kwa maua ya ofisi ya chifu. Kila mtu alisifu. Hata baba alisema yanapendeza. Mimi niliambiwa nisimame mlangoni na nisiingize mguu.

Cucu akaja kutoka kwa nyumba yake akitembea pole pole, amebeba kipande cha chungu na makaa ndani, juu yake majivu. Nyuma yake Njuguna ameshika kiberiti na chupa ya mafuta ya taa.

"Hiyo chupa ni ya nini?"

"Ni ya kusaidia, Maitu."

"Nisaidie uitoe nje."

Akaitoa. Baba akamwomba Cucu angoje kidogo. Akakunja gazeti, akaliwasha, akaliinua ndani mpaka pale shingoni kwa bomba, akalishika hapo mpaka likakaribia kumchoma vidole. "Hewa ya ndani imelala, ni baridi," akasema. "Lazima nipashe moto njia, la sivyo moshi utashuka huku kwetu." Cucu akamwangalia vizuri, kama mtu ameonyeshwa mwenzake.

Kisha akapiga magoti. Akaweka makaa huko ndani kabisa, vile baba alimwonyesha, akaongeza magunzi ya mahindi, vijiti, na mwisho kuni za muwati zilizokauka. Akapuliza. Moto ukashika, moshi ukajikunja, ukaingia kwa bomba kama maji yanaingia kwa mtaro. Njuguna akakimbia nje kuangalia paa.

"Unatoka! Unatoka juu!" Alikuwa anaruka kama kijana.

 Baba alifunga mikono akaangalia chini, lakini mimi niliona mashavu yake. Na mimi moyo wangu ukaenda chini kama ndoo kwa kisima.

Wakakaa. Kochi zote zilikuwa zimepangwa zinaangalia huo ukuta. Njuguna hapa, Mama Wambui pale, baba kwa kiti cha mbao, Cucu katikati kwa kochi lenye kitambaa kikubwa. Sufuria ya chai imewekwa kando ya moto. Moto unawaka vizuri.  Cucu akageuka kulia, akaona sikio ya Njuguna. Akageuka kushoto, akaona sikio ya Mama Wambui.

"Watu wako wapi?" akauliza.

"Si tuko hapa, Maitu?"

"Mnaangalia nini?"

"Moto."

"Nyinyi nyote mnaangalia ukuta," Cucu akasema. Akainuka, akachukua kijiti, akaanza kuvuta kuni mbele. Anavuta kidogo, anaangalia. Anavuta tena. Alikuwa anataka kuutoa huo moto kwa ukuta.

"Cucu," baba akasema kwa heshima, "moto ukae ndani. Hapo mbele bomba haliufikii."

"Nauleta karibu na watu, fundi. Huko ndani umefungwa kama mbuzi."

"Cucu, utatoa moshi."

"Mimi nimekaa na moshi kabla uzaliwe."

Akauvuta mpaka ukalala juu ya yale mawe meupe. Moshi ukaacha bomba, ukaingia chumbani. Mama Wambui akaanza kukohoa na kupangusa macho na leso. Njuguna akafungua dirisha. Na mimi mlangoni, Mungu anisamehe, nilianza kufurahi.

Halafu jiwe likalipuka.

Sio kulipuka ya mchezo. Lilikuwa na mlio kama bunduki. Mawe ya mto yanabeba maji ndani, yakipata joto la haraka yanapasuka. Cucu alijua hiyo maisha yake yote, kila mwanamke alijua, ndio maana mawe ya kupikia huchukui mtoni. Lakini haya yalikuwa yamevaa chokaa, nani angeyatambua? Kipande kimoja kikaruka kikaingia kwa sufuria ya chai, chubwi. Kaa la moto likaruka likatua kwa kochi, juu ya kitambaa kikubwa, mahali Cucu alikuwa ameketi dakika hiyo iliyopita. Mama Wambui akapiga nduru. Njuguna akabeba karai ya maji.

"Usimwage!" Cucu akampigia kelele. "Mengine yatapasuka! Maji yatatuchoma!"

Akashika kitambaa kwa pembe zake, akakikunja na kaa ndani, akakitupa kwa moto, kitambaa cha miezi ya kushona, kikaisha hapo. Baba alikuwa ameweka debe la mchanga pembeni, uliobaki wa ujenzi. Akachota kwa mikono, akamwagia mawe na makaa ya mbele, mpaka kukawa kimya. Akachukua ile koleo ya mzungu ukutani, akainua kuni moja moja, akairudisha kila moja ndani. Moshi ukakumbuka njia yake.

 Cucu akaangalia kile chungu chake, akaokota makaa yake kidogo, akayafunika. "Mimi narudi kwangu," akasema. Akapita karibu na mimi akaenda.

Nikajiambia, sawa, nimebaki na mahali pangu. Nilikuwa nageuka nimfuate. Lakini nikaona baba amechuchumaa peke yake, anaokota vile vipande vya jiwe, kimoja kimoja, haangalii mtu usoni. Vidole vyake vilikuwa vimeungua. Sikumfuata Cucu hiyo jioni. Nilikaa kwa kizingiti chetu na baridi yangu.

Asubuhi baba hakuenda kwa kazi ya watu. Alienda kwa Cucu, wakaongea mlangoni. Sikusikia yote. Nilisikia Cucu akicheka, akianza kukohoa, akicheka tena. Halafu nikaona maajabu: baba anatoka na moja ya yale mawe matatu meusi, amelikumbatia. Akarudi, akachukua la pili. La tatu nilibeba mimi na Cucu, au tuseme yeye alibeba na mimi nilishika nguo yake.

Yale mawe ya chokaa baba aliyatoa yote akayatupa nje, Mama Wambui anaangalia. Kisha kando ya mdomo wa moto, upande wa kulia, mbali kidogo mahali cheche haifiki, akajenga. Chini aliweka yale mawe matatu ya Cucu, juu akaziba na mawe ya kuchonga yaliyobaki, akalainisha na simiti. Ikatokea kitu kama benchi fupi, mgongo wake kwa ukuta ule ule wa moto. Hakuna mtu alikuwa amemwambia ajenge hiyo.

Ilipokauka Cucu akaitwa. "Cucu, kaa," baba akamwambia.

Akaketi. Sasa moto ulikuwa ndani, mahali pake, ubavuni kwake. Na yeye alikuwa ameangalia huku, kwa makochi. Akamwangalia Njuguna, akamwangalia Mama Wambui, akamwangalia baba yangu.

"Eeeh," akasema. "Kumbe mko hapa."

Kisha akaniona mimi nje, nimesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine nimeuficha nyuma.

"Wee kairetu! Unangoja nini? Ingia ufunge mlango, unatoa joto." Kairetu ni msichana mdogo kwa Kikuyu.

Nikamwangalia Mama Wambui. Mama Wambui akaangalia miguu yangu, akaangalia sakafu yake, akapumua pumzi ndefu sana. Akaenda nyuma, akaleta gunia, akalitandika mlangoni. "Pangusa," akasema. "Na hapo katikati ya vidole."

Nikaingia. Na niliingia miaka yote iliyofuata, mpaka tulipohama. Nyumba ya udongo ikabomolewa, hakuna mtu alilia. Cucu aliketi pale kwa benchi yake kila jioni na debe la mchanga karibu, kuni zimekaa ndani, anazisukuma na ile koleo, ambayo aliipenda kuliko Njuguna alivyoipenda. Aliitumia kugeuza viazi vitamu. Wakati wa kulala anafunika makaa na majivu, na anaamka mara moja kuangalia kama amefunika. Kikohozi kilipungua, hakikuisha. Na kabla ya kila msimu wa baridi baba alipanda juu akasugua bomba na tawi lililofungwa kamba, masizi yanaanguka kama manyoya ya kunguru.

Mimi kwa hiyo akili ya mtoto nilifikiri baba alijenga benchi kwa sababu magoti ya Cucu yalikuwa yanauma. Nilifikiri hivyo mpaka nikawa mzee. Hata nilipokuwa na jiko langu, na watoto wangu, sikuwahi kuwaza kwingine.

Mpaka watoto wakaninunulia hiyo televisheni. Wakaitundika ukutani, kubwa kama mlango, wakapanga viti vyote viiangalie. Jioni wajukuu wanakuja, wanaketi, na mimi katikati yao nikigeuka kulia naona sikio, nikigeuka kushoto naona sikio. Nilikaa hivyo siku nyingi nikijua kuna kitu kinaniuma, sijui ni nini.

Siku hiyo ya Toi nilirudi na koleo, nikawakuta wamejipanga hivyo hivyo. Nikachukua kigoda changu. Nikakipeleka mbele, nikakiweka kando ya ukuta, chini ya televisheni, upande wa kulia. Nikaketi nimeangalia huku. Nyuso zote! Yule mkubwa ameanza kuota ndevu, sikuwa nimeziona. Yule mdogo jino limetoka.

"Shosh, unatuzibia!"

"Sawa," nikasema, koleo iko kwa mapaja. "Kumbe mko hapa."